Mghani Asiye na Bwana

Mwaka 2001 ilitoka Dar es Salaam kanda iliyoitwa Machozi, Jasho na Damu, kazi ya kwanza aliyoitoa peke yake Joseph Haule, ambaye wapenzi wa muziki humjua kwa jina la Professor Jay. Ndani yake mlikuwa na wimbo mmoja, Ndio Mzee, ambao ukisikilizwa kwa makini nadhani hutosha kueleza kwa nini watu wengi, vijana kwa wazee, humstahi mghani wa namna yake kuliko wanavyomstahi mwimbaji aliyemzidi utamu wa sauti, thamani ya mavazi na wingi wa matangazo.

Aliyepewa kauli katika wimbo huo ni mgombea wa uongozi aliyesimama jukwaani mbele ya kadamnasi, naye huahidi, na ahadi zake huzidiana kwa ukubwa hata zikafika mahali ambapo hazina ya taifa lolote duniani isingeweza kuzilipa, na kila anapouliza kama hivyo ndivyo watakavyo, umma humwitikia kwa pamoja na kwa utii maneno mawili yale yale yaliyoupa wimbo jina lake. Mtungaji hamkatizi wala hamsuti. Humwazima pumzi yake, humpa uwanja, humwacha aseme mpaka amalize, na hukumu humfikia msikilizaji bila kutamkwa na mtu. Wengi wameisifu kejeli hiyo kwa vile ilivyomfedhehesha mwanasiasa, na haki wamesema. Lakini mimi naona kwamba shabaha yake ilimpita mwanasiasa ikaenda kumpata mwingine. Kwa kuwa kiitikio ni chepesi na mdundo unavuta, abiria katika daladala, kijana kijiweni na mama jikoni hujikuta wakiitikia pamoja na umati wa wimboni, na wanapoitikia huwa wamekwisha kuingia mkutanoni, wamo miongoni mwa wale wanaokubali kila waambiwalo, na ule utii wanaoucheka ni utii wao wenyewe. Kumlaumu mkubwa ni ujasiri unaojulikana tangu kale. Kumlaumu msikilizaji anayekununulia kanda, tena kwa kinywa chake mwenyewe, naye akakushukuru na kuurudia wimbo mara ya pili, hiyo ni daraja ya sanaa ambayo wachache huifikia.

Njia hiyo alifunguliwa na waliomtangulia. Mapema katika miaka ya tisini Saleh Jabri alikwisha kutia maneno ya Kiswahili katika midundo ya Kimarekani, na vituo vya binafsi kama Radio One vilipoanza kusikika mwaka 1994, sauti za vijana zikapata mahali pa kupita. Joseph Mbilinyi, aliyejiita 2Proud, kisha Mr. II, na ambaye leo kila mtu humwita Sugu, alitoa Ni Mimi mwaka 1995, na baada yake Hali Halisi, wimbo ulioitaja dhiki ya maisha ya mjini waziwazi, kwa Kiswahili cha kila siku, katika wakati ambao vijana wengi waliona kwamba Kiingereza ndicho kiyapacho maneno hadhi. Sugu katika wimbo ule alisema kwa nafsi yake, kama shahidi aliyekula yamini. Haule, aliyepitia kundi la Hard Blasters kabla ya kusimama peke yake, akajificha nyuma ya sura ya mshtakiwa. Nawapenda wote wawili, ila nakiri kwamba njia ya pili ndiyo iliyo ngumu zaidi, na ndiyo iliyowafikia wale watu wazima waliouita muziki huu wa kufokafoka na kuwahesabu waimbaji wake kuwa wahuni, kwa maana mzee anayekataa kufundishwa na kijana hakatai kuchekeshwa naye.

Juu ya vina nitakawia kidogo, kwa kuwa hapo ndipo ufundi wa watu hawa husahauliwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kilichofundisha sheria za kutunga mashairi, aliwataka watungaji wachunge vina na mizani, na ubishi juu ya sheria hizo ulidumu miaka mingi baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mghani wa mjini hahesabu mizani kumi na sita. Sheria yake ni mapigo manne ya ngoma isiyomngoja, na ndani ya mapigo hayo ana ruhusa ya kusonga silabi nyingi au kuacha pengo, alimradi kina kitue mahali pake. Ugumu u wapi basi, ilhali lugha yetu imejaaliwa vina tele? U katika wingi huo huo. Vitenzi vyetu vya asili aghalabu huishia kwa irabu moja, hata mtu asiye na kipaji, akiweka vitenzi viwili mwishoni mwa mistari miwili, huwa amekwisha kupata mwafaka wa sauti bila ya jasho, na redio zetu zimejaa vina vya namna hiyo, vinavyolia vizuri na visivyosema neno. Hodari hukikataa kina cha bure. Hutafuta kile kinachokutanisha mambo mawili ambayo hayakutazamiwa kukutana, kama vile cheo na njaa, ili sikio linapofurahi akili nayo ishtuke. Fauka ya hayo, Haule hutamka. Sifa hii huonekana ndogo mpaka umsikilize mwingine anayemeza nusu ya maneno yake kwa haraka. Yeye kila silabi huifikisha mlangoni, na bibi asiyejua misemo ya vijana hukifuata kisa tangu mwanzo hata mwisho wake.

Ama uhuru wake, nao una historia yenye uchungu. Katika miaka ile ilikuwa muhali kwa msanii wa Dar es Salaam kupata kampuni ya kumlipa mshahara akae nyumbani atunge. Kazi ya Haule ilirekodiwa Bongo Records kwa mkono wa P-Funk Majani, fundi ambaye midundo yake ilikuwa mizito bila ya kuyafunika maneno. Na kwa wasanii wa wakati huo, kanda ikiisha kurekodiwa ilikwenda Kariakoo kwa wauzaji, ambako mtungaji aliambulia sehemu ndogo, na nakala za wizi zikaja kuila hata hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwa imepitishwa mwaka 1999, lakini baina ya sheria iliyoandikwa na kijana aliyebeba kanda yake mkononi palikuwa na masafa marefu. Siusifu ufukara, wala simpendi mtu anayesema kwamba njaa ndiyo mama wa sanaa, kwa kuwa njaa imewanyamazisha watungaji wengi kuliko iliowafundisha kusema. Nasema tu kwamba katika dhiki ile jambo moja lilibaki salama: hapakuwa na bwana mwenye haki ya kumwambia mghani autoe ubeti huu au aulainishe ule. Msikilizaji aliyajua hayo hata kama hakuyatamka, na kwa hiyo aliyapokea maneno yake kama amana, yametoka kifuani mwa mtu yakamfika mtu bila ya kupita kwa mlipaji.

Sanaa hiyo ya kejeli ilikuja kujaribiwa mwaka 2015, Haule mwenyewe aliposimama katika majukwaa ya kampeni kwa tiketi ya CHADEMA na watu wa Mikumi wakamchagua kuwa mbunge wao, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2020. Nadhani hapana mgombea aliyepanda jukwaani akiwa na hati nzito kama ile, kwa sababu umma uliokuwa mbele yake ulijua kwa moyo namna mgombea anavyoahidi na namna umati unavyodanganyika, na aliyeufundisha ni yeye. Zaidi ya hayo, miaka mingi kabla ya uchaguzi alikuwa amekwisha kutunga wimbo wa kuujibu wa kwanza, Siyo Mzee, ambamo umati ule ule uliokuwa ukiitikia kwa utii umechoka na sasa unamkatalia mheshimiwa hadharani, hata mtu wa Mikumi ambaye angeona ahadi ya mbunge wake haikutimizwa alikuwa na jibu mdomoni, na aliyemtungia jibu hilo ni mbunge mwenyewe.