Kalamu Nyekundu ya Daktari

Mwaka 2004 Jumba la Makumbusho la Maangamizi ya Wayahudi, mjini Washington, lilifungua maonyesho kuhusu madaktari wa Ujerumani ya Wanazi. Sifa yake kubwa ni kwamba yanaanza kabla ya Hitler kutawala, wakati wasomi walioheshimika walipokuwa wakiwapanga wanadamu kwa thamani. Hivyo sheria ya 1933, iliyosababisha watu wapatao 400,000 kufungwa uzazi kwa lazima, haionekani kuwa wazimu wa ghafla. Baadaye madaktari walisoma fomu za wagonjwa wasiowahi kuwaona, wakatia alama nyekundu: auawe.

Mafunzo mengi ya maadili hutuonyesha wauaji tu. Muuguzi au hakimu huondoka kama yule Farisayo hekaluni, akishukuru kuwa yeye si kama wale. Upendeleo asioutambua unabaki moyoni. Historia yenye faida humwuliza: ni nani umemhukumu kabla hajafungua kinywa?

Agosti 1941 Askofu von Galen alihubiri waziwazi dhidi ya mauaji hayo. Lakini baadhi ya vituo vya kanisa vilikuwa vimekwisha kujaza fomu. Basi, tunapofundisha historia hii, tusijiweke upande wa askofu kwa haraka.