Jamaa wa Kiwandani na Kaseti za India

Mtu akiniomba kitabu cha historia ya muziki na teknolojia ambacho hakitamtia usingizi, namtajia How Music Got Free cha Stephen Witt, kilichotoka 2015. Nilikisoma kama riwaya ya upelelezi. Witt anawafuata watu watatu: Karlheinz Brandenburg, mhandisi Mjerumani aliye kati ya waliounda MP3, Doug Morris, aliyekuwa bosi wa Universal, na Dell Glover, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha CD huko North Carolina, Marekani.

Glover ndiye anayekibeba kitabu. Jamaa yuko zamu, albamu ambazo bado hazijaingia sokoni zinapita mbele yake. CD zinatolewa getini zimefichwa nyuma ya chuma kikubwa cha mkanda wa suruali, ili kifaa cha mlinzi kikilia, ionekane ni mkanda tu. Kwa njia yake, albamu zinazokaribia 2,000 zilivuja mtandaoni. Witt hamtetei wala hamhukumu, na hapo ndipo ninapomsifu zaidi. Hata sehemu za maabara zinasomeka: utaelewa jinsi MP3 inavyotupa sauti ambazo sikio lisingezisikia, na kwa nini Brandenburg alirudia wimbo wa Suzanne Vega, Tom's Diner, mpaka sauti ile ya mtu mmoja bila ala ikatoka safi.

Ila wanamuziki wenyewe wako wapi? Karibu hawasikiki. Halafu Witt anaandika kana kwamba muziki ulianza kuponyoka mikononi mwa makampuni siku kompyuta zilipoingia. Ndiyo maana nasema kisomwe pamoja na Cassette Culture cha Peter Manuel, cha 1993, kuhusu kaskazini mwa India. Huko, kaseti za bei ya chini zilivunja utawala wa HMV, na nyimbo za lugha za mikoani, ambazo kampuni kubwa ilizipuuza, zikapata wauzaji na wanunuzi. Uharamia ulikuwepo tele, na Manuel haufichi. Lakini anauliza swali ambalo Witt halifikii: nani alipata kusikika kwa mara ya kwanza?

Ni kitabu cha kitaaluma, sikudanganyi. Sura za nadharia ziruke, utazirudia ukipenda. Sisi tuliowahi kumlipa kijana wa kibandani atujazie nyimbo kwenye memori kadi tutamwelewa Manuel haraka kuliko wasomaji wake wa Chicago.