Msondo au Sikinde? Juu ya Kuupima Ukuu wa Bendi

1. Utangulizi

Makala hii inahusu swali ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wataliona halistahili kurasa hizi: je, katika bendi za muziki wa dansi nchini, ipi ni kubwa kuliko zote? Tumeona vema kulishughulikia kwa sababu mbili. Kwanza, ni swali linaloulizwa kwa dhati na watu tunaoishi nao. Pili, namna linavyojibiwa hufunua vipimo tunavyovitumia kupima kazi za watu, pamoja na kazi za kwaya zetu wenyewe.

Tulilisikia kwa nguvu zaidi Kibiti, mji ulio kando ya barabara ya Kilwa, na katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako mchungaji huwafikia washarika wake wachache kwa mashua, akipita katikati ya mikoko. Wenyeji wengi wa huko ni Waislamu. Kwa hiyo mtumishi wa Kanisa hukutana na jirani zake barazani kuliko ibadani, na barazani wazee wakishamaliza habari za mpunga na mafuriko hugeukia Msondo na Sikinde. Mzee mmoja alituuliza: "Mchungaji, wewe wa wapi, Msondo au Sikinde?" Tulipojibu kwamba hatuna upande, alitikisa kichwa akasema: "Basi hujawasikiliza." Tunakiri kwamba alisema kweli, na makala hii ni jaribio la kumjibu.

2. Asili ya ubishi

Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi nayo ilibadili jina: ikawa Juwata Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 Dar es Salaam, na baadaye ikawa mali ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mtindo wake uliitwa Sikinde, na mashabiki wakauongezea sifa ya "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani kwa lugha ya Kizaramo.

Msomaji azingatie kwamba Msondo na Sikinde yalikuwa majina ya ngoma za jadi za Pwani kabla hayajawa majina ya mitindo ya dansi. Wanamuziki walishika magitaa ya umeme na saksafoni, lakini walipotafuta jina walirudi kwenye ngoma za bibi zao. Ndiyo maana mtu wa Kibiti hazioni bendi hizi kuwa kitu cha Dar es Salaam tu.

Wala ubishi wenyewe haukuanza na magitaa. Katika ngoma ya beni, pwani nzima iligawanyika kati ya Marini na Arinoti, na kila upande ulijitahidi kuushinda mwenzake kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo. Huko Usukumani, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma hadi leo. Kwa watu wetu, ngoma isiyo na mpinzani ni kama haijakamilika.

Hata ng'ambo mambo si tofauti sana. Wapenzi wa muziki wa roki hubishana kama ukuu ni wa Black Sabbath au wa Led Zeppelin, na wengine humtaja Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Nasi tulikuwa na bendi zilizoonja roki. Sunburst ya Dar es Salaam ilitoa albamu yake, Ave Africa, mwaka 1976. Na Afro 70 ya Patrick Balisidya ilituwakilisha katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Lakini barazani Kibiti hakuna anayezigombania. Bendi hubishaniwa pale ilipopata watu wa kuiita yao, na watu wa delta waliipata Msondo na Sikinde kwa njia ya Radio Tanzania, miaka mingi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati safari ya kusini ilipongoja kivuko cha Ndundu.

3. Vipimo vinavyotumika

Tukiwasikiliza wabishi kwa makini, tunaona vipimo vitatu.

Cha kwanza ni utangulizi. Wa Msondo husema bendi yao ni baba wa muziki. Wengine wote ni watoto. Hoja hii ina uzito, lakini ikifuatwa hadi mwisho inaikana Msondo yenyewe, kwa kuwa Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz ziliitangulia kwa miaka mingi. Aliyetangulia anastahili heshima, wala si lazima awe amefika mbali kuliko wote.

Cha pili ni majina ya watu. Hapa ubishi hujikwaa. Muhidin Maalim Gurumo alipitia Rufiji Jazz kabla ya kuwa sauti ya NUTA. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Kisha akarudi Msondo, na huko akaimba hadi uzeeni. Alifariki Aprili 2014. Hassan Rehani Bitchuka naye aliimba pande zote mbili. Shabiki anayeibeza Sikinde kwa jina la Gurumo anambeza Gurumo mwenyewe.

Cha tatu ni kazi yenyewe, yaani namna wimbo ulivyojengwa. Hiki ndicho kipimo tunachokikubali, na kwa bahati mbaya ndicho kinachotumika kwa nadra.

4. Hukumu yetu

Wimbo wa dansi wa miaka ile ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu. Mwimbaji husimulia kisa, na watu husikiliza wakicheza polepole. Ya pili ni chemko: mwendo unaongezeka, maneno yanapungua, magitaa na tarumbeta vinashika usukani. Bendi hafifu huifanya sehemu ya kwanza kuwa mlango tu wa kufikia chemko. Bendi kubwa hufanya chemko litokane na kisa, hata mchezaji acheze akiwa bado anawaza alichokisikia.

Kwa kipimo hiki tunasema kwamba Mlimani Park ya miaka yake ya mwanzo, tangu 1978 hadi 1985, ilifika mahali ambapo bendi nyingine hazikufika. Magitaa yake hayakugombana; moja lilianza sentensi na jingine likaimaliza. Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz na aliyejua kupiga ala nyingi, aliwapa nidhamu ya kungojana. Na maneno yalitungwa kwa uangalifu. Majina ya nyimbo zake, kama "Nawashukuru Wazazi Wangu" na "Barua kwa Kaka", yanaonyesha jinsi walivyoketi ndani ya nyumba ya Mtanzania na kuzungumza naye juu ya mambo ya nyumbani.

Msondo tunaipa sifa nyingine: uaminifu. Kwa zaidi ya nusu karne imebeba sauti ileile nzito ya matarumbeta, ikawazika waimbaji wake, akiwemo TX Moshi William aliyefariki mwaka 2006, na bado ikapanda jukwaani. Sikinde ilipanda juu zaidi. Msondo imesimama imara zaidi. Atakayetaka neno moja la "ukuu" lifunike yote mawili atalazimika kulipotosha moja.

Hatuwezi kuacha kutaja kasoro ya zote mbili. Nyimbo zao nyingi za mapenzi humtwika mwanamke lawama za ndoa iliyovunjika, na mume huimba kama mtu asiye na kosa. Mshabiki hasemi hili kamwe. Mhakiki hana budi kulisema.

5. Somo kwa Kanisa

Wengi wetu tulifundishwa kwamba muziki wa dansi ni wa kuukimbia. Hata hivyo Cosmas Chidumule, mtunzi na mwimbaji wa "Neema" katika Mlimani Park, aliuacha muziki wa dansi akawa mwimbaji wa nyimbo za Injili, na sauti aliyoileta ilikuwa ileile iliyokomaa ukumbini. Kwaya zetu nazo zimeyapokea magitaa ya umeme na mapigo ya dansi bila kukiri zilikoyatoa. Luther hakuona haya katika jambo hili. Kwa wimbo wake wa Krismasi aliazima umbo na sauti ya wimbo wa mtaani. Deni likikubaliwa si aibu.

Tena, katika mashindano ya kwaya tumeona alama zikihesabiwa, na wanakwaya wa usharika mmoja wakakataa kula meza moja na wenzao. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa kwa majina ya watumishi, hali watumishi wale walifanya kazi katika shamba moja. Bitchuka na Gurumo walivuka mipaka ambayo mashabiki wao waliichora. Sisi tumeishindwa mipaka ya kwaya.

Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti na wilaya jirani zilipatwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na ya askari polisi. Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa siku moja. Siku zile watu waliingia ndani mapema, na mabaraza yakanyamaza. Amani iliporudi, tuliusikia tena ubishi wa Msondo na Sikinde, na hatukuuona tena kuwa upuuzi. Watu wanaoweza kupingana usiku kucha kisha wakaagana kwa salamu wana kitu ambacho hakipatikani kwa amri.

6. Hitimisho

Kwa mzee wa Kibiti jibu letu ni hili: kwa utunzi sisi ni wa Sikinde, na kwa udumifu tunaivulia kofia Msondo. Tunajua atatupinga. Tunawashauri wanafunzi wetu watakaotumwa Rufiji wasikilize kwanza, wachague upande kwa hoja, kisha waende barazani wakapingwe.