Gharama ya Gunia Moja Stoo: Hesabu za Mahindi ya Ufipa

Ukiuliza bei ya stoo mjini Sumbawanga utajibiwa kwa gunia na kwa mwezi, na wengi huishia hapo. Hulinganisha stoo mbili tatu, huchukua ya bei ya chini, hupakia mzigo. Njia hiyo inapima kilicho kidogo na kuacha kikubwa. Kwa mahindi yanayowekwa kuanzia Julai hadi Januari, pango la chumba ni sehemu ndogo tu ya kinachomtoka mwenye mzigo. Kikubwa ni fedha zinazolala humo na, stoo ikiwa mbovu, uzito unaopotea ndani ya gunia.

Ufipa, nyanda za juu za mkoa wa Rukwa, ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo nyanda zote huvuna karibu kwa wakati mmoja, na wanunuzi wakubwa wako mbali. Kulikuwa na miaka ambayo mkulima wa hapa hakulazimika kuwaza stoo. Kuanzia msimu wa 1974/75 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likanunua Rukwa kwa bei ile ile ya mikoa iliyo karibu na Dar es Salaam. Gharama ya maghala na malori ilibebwa na shirika. Ndivyo Rukwa ilivyoingia pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi. Bei moja ilipoondolewa miaka ya 1980, umbali ulirudi mgongoni mwa mkulima, na pamoja nao swali la mahali pa kuweka mazao mpaka bei ipande.

Kilichobadilisha jibu la swali hilo ni lami. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa fedha za Marekani za Changamoto ya Milenia, chini ya mkataba uliotiwa saini Februari 2008. Kabla yake, bei nzuri ya Januari na Februari ilikuja wakati malori yanakwama kwenye tope, na mahindi yaliyotunzwa vizuri yaliweza kumngoja mnunuzi asiyefika. Leo stoo iliyo kando ya lami inafikiwa na lori mwaka mzima. Barabara nyingi za vijijini bado hazijafika huko. Ndiyo maana napendekeza mtu asichague stoo kwa kuangalia barabara ya Julai, wakati vumbi ni kavu na kila gari linapita. Aulize Januari inakuwaje. Stoo ya bei nafuu iliyo kilomita 15 ndani ya udongo mweusi inaweza kukunyima soko katika miezi ile ile uliyoilipia.

Jambo la pili ni baridi, na hapa Sumbawanga ina utajiri usiotajwa kwenye bei. Mji uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi yako karibu na mita 800. Wadudu wa ghalani huzaana kwa kasi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 32. Kadiri joto linavyoshuka chini ya nyuzi 20, kizazi kimoja kinachukua muda mrefu zaidi kukomaa. Mfanyabiashara anayenunua mahindi kwenye bonde la Ziwa Rukwa, Mtowisa au Muze, na kuyaacha kule hadi Desemba, anayalisha wadudu kwa miezi mitano ya joto. Akiyapandisha mjini mara baada ya kununua, atalipa nauli ile ile ambayo angeilipa baadaye, lakini mzigo utakaa kwenye ubaridi.

Anayelenga soko la Kongo na Burundi kupitia bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika ana mtihani mgumu zaidi. Kukaa karibu na meli ni faida, ila Kasanga ni joto na unyevu wa ziwa. Kwa mzigo wa wiki mbili au tatu ningeweka Kasanga. Kwa mzigo wa miezi mitano ningeuacha nyanda za juu na kuushusha siku ya meli inapojulikana, kwa sababu sasa lami inapita Matai mpaka ziwani.

Lakini baridi haimzuii dumuzi kabisa. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aligunduliwa mkoani Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Wakulima walimwita Scania kwa jinsi anavyosomba mahindi. Hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa kuwa punje zimeshikana na anapata pa kuegemea anapotoboa. Kwa hiyo desturi ya kutundika mahindi na magunzi yake darini, iliyofaa enzi za fukusi peke yao, inampa dumuzi nyumba. Kupukuchua mapema ni ulinzi wa kwanza. Dawa ya unga ya Actellic Super huchanganywa gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Ina viambato viwili kwa makusudi, pirimifosi-methili kwa fukusi na pemethrini kwa dumuzi. Anayeweka kimoja tu cha bei rahisi anaacha mlango mmoja wazi.

Kuhusu kukauka, kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo aweke chumvi kavu pamoja na punje kwenye chupa kavu, aitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado. Suala hili halihusu bei peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuvu anayeitoa humea kwenye nafaka yenye unyevu.

Ukiingia kuikagua stoo, usiangalie rangi ya ukuta. Tazama sakafu: kama ni saruji iliyopasuka, unyevu wa Februari utapanda kupitia nyufa. Uliza kama zipo chaga, maana magunia yaliyolazwa sakafuni huoza tabaka la chini kwanza, na hilo ndilo usiloliona. Pima nafasi kati ya rundo na ukuta. Karibu mita moja inatosha mtu kupita, kukagua na kunyunyiza dawa. Tazama juu. Bati tupu bila dari hupoa usiku wa Ufipa kiasi kwamba mvuke wa ndani hugeuka matone na kudondokea magunia ya juu, hata kama paa halivuji. Kisha uliza nini kingine kinawekwa humo: mbolea, mafuta ya taa na mahindi ya chakula havikai chumba kimoja. Na kama stoo inafukizwa kwa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, kusiwe na mtu anayelala ndani wala chumba cha jirani kinachopitisha hewa. Gesi hiyo inaua. Mlinzi anayejibanza ndani kukwepa baridi ya Julai yuko hatarini zaidi kuliko mwizi anayemzuia.

Sasa hesabu. Namba zifuatazo ni za mfano, msomaji aweke zake. Tuseme una magunia 40 ya kilo 100, na Julai kilo ni shilingi 500. Mzigo wako una thamani ya shilingi 2,000,000. Unaweka stoo miezi sita kwa shilingi 500 kwa gunia kwa mwezi: pango ni 120,000. Wapakiaji, kuingiza na kutoa, shilingi 1,000 kwa gunia: 40,000. Dawa na kuchanganya, shilingi 2,000 kwa gunia: 80,000. Wadudu, panya na kumwagika wakila asilimia 3, umepoteza kilo 120. Halafu fedha: kama ulilimia mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi na hukuulipa kwa sababu mahindi yako ndani, riba ya miezi sita kwenye milioni mbili ni 360,000.

Jumlisha gharama za taslimu na thamani ya mwanzo unapata 2,600,000, nawe umebaki na kilo 3,880. Ili usipate wala usikose, Januari kilo lazima ifike shilingi 670. Katika nyongeza yote hiyo pango la stoo ni 120,000 tu, na riba ni mara tatu yake. Mwenye stoo akikupunguzia shilingi 100 kwa gunia kwa mwezi umeokoa 24,000. Stoo hiyo ya nafuu ikiongeza upotevu kutoka asilimia 3 hadi 6, umepoteza kilo 120 nyingine, ambazo kwa 670 ni zaidi ya 80,000. Ndiyo sababu nasema kupatana bei ya pango bila kukagua chumba ni kujiumiza.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana nchini kwa jina la Kinga Njaa, inastahili kufikiriwa hata na aliye na stoo. Ina tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Kila tabaka hufungwa peke yake, wadudu humaliza oksijeni iliyobaki na kufa bila dawa. Tuseme mfuko ni shilingi 5,000 na unatumika misimu miwili. Kwa magunia 40 ni 100,000 kwa msimu. Ukiweka nyumbani hakuna pango, hakuna wapakiaji wa mjini, na upotevu ukishuka hadi nusu asilimia, bei ya kutopata wala kukosa inashuka hadi karibu 618. Masharti ni mawili, na hayana huruma: mahindi yawe makavu kweli, kwa kuwa mfuko hufungia unyevu ndani pia, na panya asipate tundu moja.

Riba haipunguzwi na mfuko wala ukuta. Inapunguzwa kwa kuuza sehemu. Kama deni ni la magunia 15, uza 15 Julai, lipa, kisha tunza 25 kwa utulivu. Najua inauma kuuza bei ya chini. Lakini gunia linalotunzwa juu ya deni la asilimia 3 kwa mwezi linalipa stoo mbili, ya mjini na ya mkopeshaji.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulibuniwa kutibu hapo hasa. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 inataka mwendesha ghala awe na leseni, apime uzito na ubora, na atoe stakabadhi ambayo benki inaweza kuishika kama dhamana. Mkulima anapata sehemu ya fedha huku mzigo ukingoja soko. Mtwara walianza na korosho msimu wa 2007/08. Karatasi ya daftari inayotolewa na stoo ya kawaida haina nguvu hiyo. Ni ushahidi wa deni kati ya watu wawili tu. Ukiipokea hiyo, basi iandikwe vizuri: kilo zilizoingia na si idadi ya magunia pekee, unyevu siku ya kuingia, nani anabeba upungufu na kuanzia asilimia ngapi, nani analipia dawa, na nini kitatokea moto au mvua vikiingia. Kuhesabu kwa gunia peke yake ni hatari mahali ambapo lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bado ipo. Gunia lililoingia na kilo 115 likatoka na 100 ni gunia moja kwenye daftari, na kilo 15 zako hazina wa kuzidai.

NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ni habari nyingine. Hapangishi nafasi, ananunua, na hatari yote inahamia kwake. Kwa miaka mingi tatizo lilikuwa ukubwa wa maghala yake. Mwaka 2014 ununuzi ulizidi nafasi, na mahindi yakapangwa nje chini ya maturubai. Mradi wa vihenge na maghala kwa mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland ulilenga kuongeza tani 250,000 katika maeneo manane, Sumbawanga likiwemo, na Julai 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ya hapa. Mwaka huo NFRA ilipandisha bei hadi shilingi 700 kwa kilo. Rudi kwenye mfano wetu: anayepata 700 Agosti hana sababu yoyote ya kulipia stoo mpaka Januari ili atafute 670. Ila siku za kungoja zamu kituoni nazo ni stoo, tena isiyo na paa, yenye turubai, mlinzi na chakula cha kulipia. Ziingizwe kwenye hesabu.

Hatari ambayo stoo bora haiizuii ni amri. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje bila kusagwa, na msimu uliofuata bei nyanda za juu zikaanguka. Waliotunza vizuri kabisa walitunza hasara. Kwa sababu hiyo sioni busara kuweka mzigo wote kwa kungojea mwezi mmoja wa bei.

Basi tarehe ya kutoa mzigo ipangwe siku ya kuuingiza, na namba yake ipo tayari. Katika mfano wetu kila mwezi wa ziada unagharimu pango la 20,000 na riba ya 60,000, yaani kama shilingi 21 kwa kila kilo iliyobaki. Aliyelipa deni lake Julai anahitaji takriban shilingi 5 tu kwa mwezi, na anaweza kungoja Februari. Kufikia Machi mahindi mabichi yanaanza kuonekana sokoni, wafanyabiashara wanaanza kuhesabu mavuno yajayo, na wenye stoo wengine wote wanafungua milango wiki zile zile.