Bega lenye kurudia kuuma: biomekaniki inatusaidia wapi, na inatudanganya wapi?

Bandugu, leo sileti habari ya kazi wala ya burse. Nataka tupime neno moja lenye liko mu midomo ya watu wengi: biomekaniki. Unaenda kuonesha bega lenye kuuma, wanakuambia: "Shida yako ni ya biomekaniki." Unafungua video mu telefone, mutu amesimama wima, anasema kitu ileile. Sasa tuulize: ni elimu, ao ni sindano ingine yenye jina ndefu?

Naongea kama mutu mwenye bega liliuma. Kisha lisansi ya agronomia nilifanya misimu miwili mu mashamba ya tomati, pompe ya lita 16 ku mugongo. Bega la kushoto, upande wa kupiga pompe, likaanza kuniamsha usiku. Wakanichoma sindano, likatulia. Nikarudi shambani, kisha siku kumi hivi maumivu yakarudi. Ilikuwa vile mara tatu. Mama mumoja mukulima akaniuliza: "Enjenyeri, kama ile dawa inaponesha, juu ya nini unairudilia kila mara?" Nilikosa jibu.

Hapo njo biomekaniki inastahili sifa. Sindano inauliza fasi gani inauma. Biomekaniki inauliza ile fasi ilibeba nini, mara ngapi, na kwa namna gani. Tufanye hesabu ndogo. Nyoosha mukono mbele, ushike chupa ya lita 2. Chupa iko sentimita 60 toka bega: 2 mara 60 ni 120. Mukono wenyewe, tuseme kilo 3, uzito wake uko ku sentimita 30 hivi: 90 ingine. Jumla 210. Lakini misuli yenye kuinua mukono inavuta karibu kabisa na kiungo, tuseme sentimita 3. Gawanya: misuli inavuta kwa nguvu ya kilo 70, juu ya chupa ya lita 2! Kunja kiko, ulete chupa karibu na kifua, hesabu inashuka sana. Hii haiombi dawa wala pesa. Kila mutu mwenye alisoma mizani ku sekondari anaweza kuielewa.

Tena bega halifanye kazi peke yake. Ukiinua mukono mupaka juu, kama theluthi moja ya ile safari inafanywa na mufupa mupana wa nyuma, wenye unateleza juu ya mbavu. Sasa fikiria mikanda ya pompe yenye kilo 16 za maji, bila kuhesabu pompe yenyewe: inakandamiza mabega chini na kuyavuta, na wakati uleule unaomba mukono mumoja upige pompe bila kupumzika. Mwenye alichora ile pompe alifikiria maji na dawa. Mutu wa kuibeba alimufikiria kidogo sana.

Lakini tusipige makofi haraka. Biomekaniki nayo ilishatudanganya. Mwaka 1972 daktari Charles Neer wa Marekani alieleza kama maumivu mengi ya bega yanatoka ku mufupa wa juu wenye kusugua mishipa ya chini yake. Maelezo mazuri, mutu anaiona kwa macho: kama mufupa unasugua, ukate. Watu wengi sana wakapasuliwa. Kisha, Uingereza, watafiti wakachukua wagonjwa 313: wamoja wakakatwa ule mufupa, wengine wakafunguliwa tu bila kukatwa kitu, wengine hawakupasuliwa. Matokeo yalitoka mu jarida The Lancet mwaka 2018: kukata mufupa hakukushinda kufungua tu. Ni kusema picha ilikuwa nzuri, lakini haikutosha kueleza maumivu. Njo maana mutu akikuambia "unaumwa juu unakaa vibaya", na ni hivyo tu, mwombe aendelee kufikiri.

Kwangu mimi, chenye kinabaki na nguvu mu biomekaniki ni kipimo, kuliko picha. Bega linaweza kuzoea muzigo kama unapanda polepole. Linakasirika kama unapanda ghafla. Mimi nilitoka ku kiti cha auditware moja kwa moja mupaka ku pompe 31 kwa hektari (lita 500 gawanya 16). Sindano gani ingefuta ile hesabu?

Na hapa najilaumu mwenyewe, pamoja na wenzangu wa agronomia. Tunafundishaka mukulima kipimo cha dawa kwa hektari, gramu kwa gramu. Kipimo cha mwili wake hatukiandikake fasi yoyote. Nilipoanza kujaza lita 10 badala ya 16, kugawa shamba kwa siku mbili, na kuzoeza bega jioni na kabido kadogo, maumivu yalipungua. Bado linanikumbushaka, lakini nalala. Nikaenda kuwaambia wale wa kibarua. Mumoja akacheka: "Enjenyeri, lita 10 ni safari 50. Mimi nalipwa kwa shamba, silipwe kwa safari." Alikuwa na haki. Shauri lenye halihesabu mushahara linasaidia paka mwenye kulitoa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: biomekaniki ni kipimo kizuri, lakini ni mwalimu mubaya kama iko peke yake. Mwenye bega linarudia kuuma, kabla ya sindano ya ine, aandike juma nzima: nilibeba nini, mara ngapi, na nini iliongezeka. Kama bega liliuma kisha kuanguka na mukono haunyanyuke, kama kuna homa, ao maumivu yanaenda pamoja na kubanwa kifua, usihesabu kitu: kimbia hospitali. Na sisi wenye kupanga kazi za shamba, siku tunaandika projet na bajeti, tuweke mustari wa bega la mutu. Wa dawa ya tomati hatuusahauke hata siku moja.