Neno "Tata" na Hukumu ya Sikio

Atokaye Mbangala akafika Tunduma, mpakani mwa Zambia, huenda akasikia neno "tata" katika maana isiyo ya Kiswahili chake. Kwa Mswahili, uzi hutatana na shauri gumu huwa na utata; kwa Mbemba, tata ni baba. Hapana haja ya kumtafuta mzazi ndani ya mafundo ya uzi: sauti zimekutana kwa bahati tu.

Lakini Mpolandi naye humwita babaye "tata". Hapo ndipo wapenzi wa asili za maneno huteleza, wakaunganisha mataifa kwa silabi mbili. Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza kwamba maneno ya namna hii huanzia vinywani mwa watoto wachanga, ambao hutamka sauti zilizo nyepesi, na wakubwa wakazipa maana waitakayo. Wageorgia, kwa mfano, humwita baba "mama"!

Basi hata udugu wa Kibemba na Kiswahili, ambao ni wa kweli, haushuhudiwi na tata. Hushuhudiwa na ngeli za majina, na kwa "umuntu" wa huko kuwa "mtu" wa huku.