Sauti Isiyo na Neno: KMRU na Hifadhi ya Tervuren
Wapenzi wa sanaa mpya humsifu Joseph Kamaru (KMRU), aliyekulia mtaa wa Kariokor, Eastlands, kwa kuugeuza mvumo wa mazingira kuwa sanaa. Kwa Peel (2020), sifa hiyo ni haki yake. Temporary Stored (2022) inadai uhakiki mkali zaidi. Humo rekodi za enzi ya ukoloni, zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, zinazamishwa katika mngurumo wa mitambo. Je, waimbaji wale wamerudishiwa sauti au wamenyamazishwa tena? Babu na somo wake, mwimbaji mashuhuri aliyefariki 2018, alitaka neno lisikike, mjukuu analifunika. Hata hivyo, ufunikaji huo una uaminifu wake: nyimbo hizo zilikwisha kutengwa na mahali pake, hadhira na wenyewe, na kuzipiga kana kwamba hakuna kilichopotea kungekuwa kughushi.